"Diski" Isiyozunguka

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na ghala la data la diski. Diski zake 50 zilizunguka mara 1,200 kwa dakika, na zote pamoja zilihifadhi herufi milioni 5 tu. Jina lilifuata umbo: kitu bapa cha mviringo. Kasi iliongezeka baadaye, lakini data iliendelea kungoja mzunguko.

Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa Japani alieleza kumbukumbu ya flashi, ihifadhiyo data kwa chaji za umeme bila kitu chochote kuzunguka. Ndiyo sababu mafundi wa seva huhamishia humo maktaba za data ziulizwazo mara kwa mara, na nyinginezo huziacha kwenye diski.

Hata hivyo, vyote viwili aghalabu huitwa "diski". Karani aandikaye hati ya zabuni kwa neno hilo pekee aweza kuletewa kifaa cha polepole, wala asiwe na la kudai. Twapendekeza basi "kihifadhi data" liwe jina la jumla, "diski" libakie la kifaa kizungukacho, na kisichozunguka kiitwe "kihifadhi flashi".