Barua za anwani ya muda zinakwama kwenye spamu? Soma hapa

Wadau, barua za Livingstone zilizotoka Zanzibar Novemba 1870 zilikwama hapa kwetu Unyanyembe. Stanley ndiye aliyezikuta na kumfikishia Ujiji, mwaka mzima umeshapita.

Yangu ilikwama kwenye spamu. Niliitwa usaili wa kazi, nikaiona siku mbili baada ya usaili! Kosa langu: nilijaza anwani ya muda, ile ya kutumia na kutupa, inayopitisha barua kwenda Gmail yangu.

Iko hivi. Gmail hukagua kama mashine iliyoleta barua imeruhusiwa na mtumaji (SPF). Mpitishaji hayumo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo anashukiwa. Kinachoweza kumwokoa ni sahihi ya kidijitali ya mtumaji (DKIM), ila mpitishaji akibandika tangazo lake ndani ya barua, sahihi inavunjika.

Dawa: fungua Gmail kwenye kompyuta, siyo simu, nenda kwenye mipangilio, tengeneza filta. Penye mpokeaji andika ile anwani ya muda, kisha weka tiki isipelekwe spamu kamwe. Hapo hata takataka za anwani hiyo zitaingia, basi kila tovuti ipe anwani yake; ikianza kusumbua unaizima. Na usibonyeze "spamu" ovyo, unamchafulia jina mpitishaji.

Spamu chungulieni kila wiki jamani, baada ya siku 30 Gmail inafuta. Mambo ya kazi na chuo? Toa anwani yako halisi. Na mkiwa kafe, msisahau ku-log out!