Safari ya Shujaa na Tabibu wa Karema

Mwaka 1949 Mmarekani Joseph Campbell alichapisha kitabu akieleza kwamba hadithi za mashujaa wa mataifa yote hufuata njia moja: shujaa huondoka kwao, hupita katika majaribu, kisha huwarudia watu wake na zawadi. Mpango huu humvutia mhubiri, kwa maana Yusufu na Musa waonekana kuingia ndani yake pasipo shida. Yafaa tuupime kwa historia ya Katavi.

Huko wenyeji husimulia habari za Katabi, mwindaji ambaye roho yake hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu huweka sadaka chini ya mti huo. Shujaa huyu hakumbukwi kwa safari, bali kwa kukaa.

Tena yuko Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu mnamo 1866. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Mapadre Weupe walimkomboa Algeria, na baadaye akasomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956.

Kwa Atiman hatua ya tatu haipo: hakurudi kuishi kwao. Zawadi aliyoipata ugenini aliwapa wageni, nao wakawa watu wake. Wala kuondoka kwake hakukuwa wito, kulikuwa dhuluma. Luther alifundisha huko Heidelberg mwaka 1518 kwamba mwanatheolojia wa msalaba hukiita kila kitu kwa jina lake. Basi tusiupambe utumwa kwa kuuita mwanzo wa ushujaa. Mungu alimtumia Atiman, hakumhalalisha aliyemteka.

Jambo hili si la darasani tu. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, na wengi wao baadaye wakapata uraia wa Tanzania. Mhubiri asemaye kwamba kila safari njema huishia nyumbani hana neno kwa watu hao. Lakini Injili inalo: Ibrahimu alikufa akiwa mgeni katika nchi ya ahadi, na Mwana wa Adamu hakuwa na mahali pa kulaza kichwa chake. Ndugu mchungaji, kabla ya kumwuliza msikilizaji wako atarudi lini, mwulize amepewa nani wa kumtumikia hapo alipo.