Wa Mwaka wa Meli

Bibi yangu wa Muleba hakuhesabu umri kwa miaka. Mjomba alikuwa wa "wakati wa Amin", yaani vita vya 1978 na 1979. Mimi ni wa mwaka wa meli, 1996, MV Bukoba ilipozama. Jirani yetu, msichana niliyekuwa nikiokota naye buni kibanjani, alikuwa wa mwaka wa meli pia. Kwa bibi, hilo lilitosha.

Miaka mingi baadaye, nikisoma sheria chuoni, nilijaribu kujua vitabu vilimhesabuje yule jirani. Sheria ya Elimu ya 1978 ilitaka aandikishwe shule akiwa na miaka 7. Kanuni ya Adhabu, urithi wa Waingereza, iliweza kumtia hatiani kuanzia miaka 10, ingawa kabla ya 12 ilibidi ithibitishwe kuwa alijua anatenda kosa. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilimruhusu kazi nyepesi akifika 14, na ikamwita mtoto hadi atimize 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu kuolewa akiwa na 15, baba akiridhia. Mahakama ikiruhusu, hata 14. Kaka yake alitakiwa kusubiri 18.

Sheria hiyo ya ndoa haikutungwa kwa ubaya. Kabla yake, ndoa za kimila, za Kiislamu na za Kikristo zilikuwa na taratibu zake mbalimbali. Waraka wa Serikali wa 1969 ulipendekeza sheria moja kwa wote, na wakati ule kuweka kikomo chochote cha umri nchi nzima kulikuwa ni kupiga hatua.

Jirani yangu alimaliza darasa la saba 2009. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Mwaka 2011 mahari ilipokelewa. Nilikuwa kidato cha pili. Nilienda harusini, nikala nyama, nikafurahi. Hakuna aliyevunja Sheria ya Ndoa siku ile. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Tarehe 8 Julai 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinapingana na Katiba. Serikali ilipewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaitupa Oktoba 2019. Mwaka 2020 ukaisha, vifungu vikabaki vilevile kitabuni.

Mwaka huohuo wa 2016, Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Ni kinga ya kweli, ila inamlinda aliye shuleni. Jirani yangu asingeguswa nayo, kwa kuwa alishatoka darasani.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilimtembelea. Ana binti wa mwaka wa tetemeko, Septemba 2016, nyumba za Bukoba zilipoanguka. Safari hii hakutegemea kumbukumbu za wazee. Alifuata cheti cha kuzaliwa, akakifunga kwenye nailoni, akakiweka sandukuni chini ya vitenge.

Alinionyesha tarehe, kisha akaniuliza, "Wewe uliyesoma, hiki kitamzuia baba yake?"

Binti huyo atatimiza miaka 15 mwaka 2031.