Daraja la Algera na malango yake

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba ya kaskazini-magharibi ilikutana na bamvua katika Bahari ya Kaskazini. Matuta ya kusini-magharibi mwa Uholanzi yakapasuka moja baada ya jingine. Watu 1,836 wakafa, karibu nusu yao katika jimbo la Zeeland. Maafa makubwa zaidi nusura yatokee kando ya mto Hollandse IJssel, jirani na bandari ya Rotterdam. Huko tuta bovu ndilo pekee lililokinga nyanda zilizo chini ya usawa wa bahari, makazi ya watu wapatao milioni tatu.

Tuta hilo likatoboka karibu na Nieuwerkerk. Meya akamwamuru nahodha Arie Evegroen alizibe kwa tishari lake. Evegroen hakuliparamia pengo. Aliegemeza omo kwenye tuta ng'ambo ya tundu, akauachia mkondo usukume tezi, mpaka ubavu mzima ukabanwa pale kama mlango. Ni ubaharia wa hali ya juu, lakini ni nchi gani inayotaka kuokolewa hivyo mara ya pili?

Ndiyo maana mradi wa kwanza kukamilika kati ya ile mikubwa ya Mpango wa Delta, wa kuikinga nchi na mafuriko, ulijengwa kwenye mto huu, kati ya Krimpen na Capelle, mwaka 1958. Malango mawili ya chuma, kila moja lenye upana wa mita 80 na uzito wa tani 650 hivi, yananing'inia kati ya minara mirefu ya zege. Siku za kawaida meli hupita chini yake. Maji yakitarajiwa kuzidi mita 2.25 juu ya usawa wa bahari, malango huteremshwa.

Barabara ilipata nafasi yake hapohapo. Watu waliozoea pantoni wakapewa daraja, likaitwa kwa jina la Jacob Algera, waziri wa uchukuzi na maji wa wakati huo. Pembeni kuna njia ya meli yenye milango miwili. Juu yake kipande cha daraja huinuka kupisha vyombo virefu.

Mwaka 1997 lango kubwa la Maeslant lilizinduliwa karibu na bahari, lakini lenyewe husubiri mita 3, kwa hiyo lile kongwe ndilo hufungwa mara nyingi zaidi. Madereva wa Krimpen hawalalamikii malango. Yakishuka, magari huendelea kupita. Foleni inayowatoa jasho huanza pale daraja linapoinuka.