Asili ya Washika Vibendera

Katika zama za mwanzo za mpira wa miguu huko Uingereza, baada ya sheria za 1863 kuandikwa mjini London, haikudhaniwa kuwa waungwana wachezao wao kwa wao wangehitaji hakimu, na ikhtilafu zao zilisuluhishwa na manahodha. Walakini, mashindano ya kuwania kombe yalipoanza, na kila upande ukapata sababu ya kutoridhika, ikawa desturi kila timu ije na mwamuzi wake, na hao wawili, kila mmoja katika nusu yake ya uwanja, wakawa wanasikiliza malalamiko ya wachezaji na kuyakatia shauri. Haihitaji elimu kubwa kutambua kuwa mtu aliyekuja na timu yake, na atakayerudi nayo jioni, aghlabu alikuwa wakili kuliko kadhi. Wasipoafikiana, shauri lilipelekwa kwa refa, naye alikaa nje ya mstari akingoja kuulizwa.

Juni 1891, katika kikao kile kile cha Glasgow kilichozaa penalti, mpango huo ulipinduliwa: refa akaingizwa uwanjani na kukabidhiwa hukumu yote, na waamuzi wale wawili wakatolewa nje, wakawekwa kwenye mistari ya pembeni. Watu huikumbuka penalti. Mimi nayaona mageuzi haya ya pili kuwa ndiyo makubwa, kwa kuwa tangu siku hiyo kibendera hushauri tu, na refa ana idhini ya kukipuuza.

Stanley Rous, Mwingereza aliyekuja kuwa rais wa FIFA, ndiye aliyeeneza mtindo wa refa kukimbia mshazari, kutoka pembe hadi pembe, ili pale alipo mbali awepo mshika kibendera karibu.

Hata hivyo, ukaribu wenyewe una mpaka. Tarehe 30 Julai 1966, katika fainali ya Kombe la Dunia uwanjani Wembley, Uingereza na Ujerumani Magharibi zikiwa 2–2 katika muda wa nyongeza, mkwaju wa Geoff Hurst uligonga mtambaa panya, ukadunda chini na kurudi uwanjani. Refa Gottfried Dienst wa Uswisi, kwa kuwa hakuwa na yakini, akamwendea mshika kibendera Tofiq Bahramov pembeni, naye akaitika kwa kichwa, likawa goli. Waingereza humwita Mrusi mpaka leo, ilhali alikuwa Mwazabajani, na uwanja mmoja mkubwa wa Baku una jina lake. Bahramov mwenyewe alikuwa refa, kwani siku hizo marefa walipokezana kibendera. Fainali za Kombe hilo za 1994 nchini Marekani ndizo za kwanza kuwa na watu walioteuliwa kwa kazi hiyo peke yake, na miaka miwili baadaye wakapewa cheo cha waamuzi wasaidizi.

Sasa kuna picha za video, na msaidizi aonaye mtu ameotea kwa kiasi cha shaka, hali shambulizi linaelekea golini, ameagizwa kuuzuia mkono wake hadi mpira umalize safari. Basi washabiki hushangilia kwanza, kisha ndipo kibendera hupanda.