Jina la baba yake koko: kusaka kumbukumbu za waliokamatwa Oldonyo Sambu

Nilipotea kidogo, kazi za gazeti zilinibana, mnanielewa. Leo nimerudi na jambo lililonikaa kichwani tangu siku nilipopanda haisi kwenda Oldonyo Sambu.

Kwa wale wa Dar mnaoijua Arusha kwa watalii na nyama choma tu: Oldonyo Sambu ni kule ukitoka mjini kwa barabara ya Namanga. Unapita Sakina, unapita Ngaramtoni, Mlima Meru unakuwa mkono wako wa kulia, halafu nyumba zinapungua na vumbi linaongezeka. Ukiendelea mbele ni Longido, kisha mpaka wa Kenya. Nilitumwa kuandika habari ya mahindi yaliyokauka. Habari ya mahindi niliipata, lakini niliyorudi nayo ilikuwa nyingine.

Kuna bibi mmoja pale, amevuka miaka themanini, watu wote wanamwita koko, yaani bibi kwa Kimaasai. Nikamwamkia, "Shikamoo koko." Akaniitikia, akanitazama, akauliza kama ni kweli mimi ndiye yule wa magazeti. Nikakubali.

"Basi kijana wangu, kama kazi yako ni kutafuta habari, nitafutie moja. Baba yangu alichukuliwa na askari wa kodi mimi bado nachunga mbuzi. Hakurudi. Mzungu alikuwa anaandika kila kitu. Nenda kaangalie alimwandika wapi."

Nilicheka kidogo, nikadhani ni maneno ya wazee. Yeye hakucheka.

Sasa nikuulize wewe msomaji, msomi mwenzangu wa chuo kikuu: ukiambiwa utafute rekodi ya mtu aliyekamatwa vijijini, utaanzia wapi? Marekani ni rahisi ajabu. Kaunti nyingi kule zinaweka mtandaoni orodha ya waliolala mahabusu, jina, kosa, na picha juu. Wengine wameigeuza biashara, wakawa wanachapisha picha hizo na kudai pesa ili waziondoe, mpaka baadhi ya majimbo yakatunga sheria za kuwazuia. Kule shida ni kwamba jina linaonekana mno. Kwetu shida ni kinyume chake, na ina historia yake.

Tuanze na Mjerumani. Mwisho wa Mtaa wa Boma pale mjini kuna jengo jeupe ambalo tangu 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Wengi tumelipita tukienda zetu mjini bila kuligeukia. Hilo ndilo Boma lenyewe, lililojengwa kuanzia mwaka 1900, na waliolijenga ni Waarusha na Wameru waliolazimishwa baada ya kushindwa vita. Serikali ya hapa ilianza na watu waliokamatwa. Nani aliandika majina yao? Hakuna aliyejali.

Mwaka huohuo, tarehe 2 Machi 1900, watu 19 walinyongwa kule Old Moshi. Shuleni tunafundishwa kuhusu Mangi Meli, na ni haki yake. Lakini waliokufa naye siku ile ni pamoja na Molelia wa Kibosho na viongozi wa Waarusha na wa Wameru pia. Jiulize wangapi hapa Arusha wanaweza kuwataja hao wa kwetu. Kichwa cha Meli kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na wajukuu zake wamekitafuta kwa miaka mingi. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa baadhi ya watu ambao mafuvu yao yalibebwa kutoka Tanzania. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida". Hebu fikiria. Mtu anakamatwa, anauawa, na rekodi pekee inayobaki ni cheo chake kwenye mfupa, ndani ya stoo ya Ulaya. Jina halimo.

Halafu akaja Mwingereza, aliyeingia Arusha Machi 1916. Koko alisema kweli, huyu alikuwa anaandika. Tatizo ni alichokiandika. Kodi ya kibanda ilianza na Mjerumani mwishoni mwa miaka ya 1890, Mwingereza akairithi na kuiongezea kodi ya kichwa. Asiyelipa alitafutwa, akakamatwa, na mara nyingi alipelekwa kufanya kazi ya kulipia deni, barabarani au kwenye ujenzi wa serikali. Kwenye ripoti za wilaya watu hawa wanaonekana kama hesabu: kodi iliyokusanywa kiasi gani, wasiolipa wangapi. Ofisi ilihitaji hesabu. Koko anahitaji jina.

Kesi nyingi za Waafrika wala hazikufika kwa hakimu wa Kizungu. Zilisikilizwa kwenye mahakama za wenyeji, mbele ya watemi na wazee wao, na kuanzia mwaka 1929 mahakama hizo zilitenganishwa kabisa na Mahakama Kuu, zikawa chini ya maofisa wa utawala. Yaani bwana shauri aliyekusanya kodi ndiye huyohuyo aliyesimamia rufaa. Ndiyo maana leo ukitafuta mfungwa wa kodi wa enzi hizo usianzie mahakamani. Anzia kwenye mafaili ya wilaya, ambayo yaliyosalimika yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 2002 ya kumbukumbu na nyaraka imeweka kanuni ya miaka 30, kwa hiyo karatasi za ukoloni ziko wazi kwa kila mwananchi. Siyo za maprofesa peke yao!

Lakini kuna Wameru ambao hawakungoja kuandikwa na serikali, na hapa ndipo historia ya mlima huu inaponifurahisha. Upande wa pili wa Mlima Meru, Engare Nanyuki, Novemba 1951 serikali ilianza kuwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka mashamba mawili, namba 31 na 328, ili eneo lile liwe la walowezi watupu kama ilivyopendekeza tume ya Jaji Wilson. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Wameru wakafanya jambo ambalo bwana shauri hakulitegemea: wakaandika. Walichanga pesa, wakapeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York akiwa na wakili Earle Seaton. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kusimama kwenye Baraza la Udhamini mwaka 1955. Mwisho wa yote azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili ya kura za Baraza Kuu. Walishindwa kura, lakini kesi yao ipo mpaka leo kwenye nyaraka za Umoja wa Mataifa, kwa maneno yao wenyewe.

Sasa geukeni mtazame Kisongo, njia ya uwanja wa ndege mdogo. Pale lipo gereza kuu la Arusha, na ndani ya eneo la gereza hilo ndipo Umoja wa Mataifa uliweka mahabusu yake kwa ajili ya mahakama ya Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994 na kufungwa Desemba 2015. Washtakiwa walikuwa 93. Ukitaka kujua Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, alikamatwa lini, unaambiwa Nairobi, 18 Julai 1997. Alikiri lini? 1 Mei 1998. Alihukumiwa lini? 4 Septemba 1998, kifungo cha maisha. Karatasi na kanda zote za mahakama ile zimetunzwa kwenye jengo maalumu la nyaraka pale Lakilaki, lililofunguliwa Novemba 2016.

Sisemi hili kwa wivu. Watu waliotuhumiwa kuua halaiki walistahili kuandikwa vizuri, kwa ajili ya haki yao na ya waliouawa. Ninachosema ni kwamba katika mkoa huuhuu tumeshuhudia kwamba inawezekana kumwandika mtu tangu dakika anakamatwa hadi anapotoka. Kumbe siyo uchawi.

Na sheria yetu wenyewe inadai hivyo, angalau kwa sehemu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hakupewa dhamana, isipokuwa kwa makosa ya adhabu ya kifo. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 hairuhusu gereza kumpokea mtu bila hati. Kwa hiyo ndugu yako akikamatwa leo Oldonyo Sambu, njia ni hii. Siku ya kwanza nenda kaunta ya kituo cha polisi, uliza kama jina limeandikwa kwenye kitabu cha mahabusu na jalada lake ni namba ngapi. Saa 24 zikipita, nenda mahakamani ukaulize namba ya kesi. Akikosa dhamana, atakuwa amekwenda gerezani kwa hati, na hati hiyo ina namba. Kesi ikifika Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani, hukumu unaweza kuisoma bure mtandaoni kwenye TanzLII. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kukujibu. Ukinyimwa, omba sababu kwa maandishi.

Kuna mwanya mmoja mkubwa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Mtu wa namna hiyo anaweza kuingia na kutoka lupango bila kumwona hakimu. Kitabu cha kituo ndicho shahidi wake pekee.

Karatasi ikichelewa, mtu anaumia. Alex Thomas alihukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, akahangaika na rufaa miaka mingi, mpaka akafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, hapahapa Arusha. Novemba 2015 mahakama ilisema Tanzania ilivunja haki yake ya kusikilizwa kwa haki, na ucheleweshaji wa rufaa yake ulikuwa sehemu ya kesi hiyo. Novemba 2019 serikali yetu ikaondoa ruhusa ya wananchi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama ile. Mlango ule umefungwa tangu Novemba 2020.

Mnataka kujua ya koko. Nilizunguka. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, walinifungulia chumba chenye madaftari ya zamani yaliyoliwa na mchwa. Unashika ukurasa, unabaki na unga mkononi. Mzee wa masijala akanionea huruma, akaniambia, "Kijana, hapa tunatunza vya mwaka huu, vya zamani vinajitunza vyenyewe." Kwenye mafaili mengine nilikuta orodha za kodi. Idadi ya watu ipo, majina hayapo.

Nikarudi Oldonyo Sambu kumwambia sikufanikiwa. Nilidhani atalia au atanigombeza. Akaniuliza kama nimekuja na kalamu. Akanitajia jina la baba yake, la babu yake, ukoo, rika lake, rangi ya fahali aliyekuwa akimpenda, na mahali askari walipomkutia. Nikaandika yote. Akaniambia nimsomee. Nikasoma, akanisahihisha rika, nikafuta, nikaandika upya, nikasoma tena.

Sitaliweka jina hilo hapa, ni mali ya familia. Lakini nina ombi kwenu. Likizo hii mkienda nyumbani, muulizeni bibi au babu nani katika ukoo alichukuliwa na hakurudi, mwaka gani, kwa kosa gani. Andikeni na tarehe. Na siku ndugu yako akikamatwa, kabla hujaanza kutafuta mtu wa kumwona, hakikisha kwanza jina lake limeandikwa.

Siku njema wandugu. Mahindi ya Oldonyo Sambu bado hayajapata mvua.