Gharama za utafiti na kodi ya mapato: je, mfanyabiashara mdogo wa Ayivu ananufaika?

Msindikaji wa asali wa Ayivu anayeuza bidhaa zake hadi Kampala anaifahamu hasara ya asali iliyochacha kabla ya kufika sokoni. Asali yenye unyevu unaozidi asilimia 20 huchacha kwa urahisi. Tuseme msindikaji huyo ameamua kutafuta njia mpya ya kuipunguzia maji. Amemlipa mtaalamu, amenunua vifaa vya kupimia vinavyotumika mara moja, amefanya majaribio msimu mzima, na ametumia shilingi milioni 8. Je, gharama hiyo inatambuliwa wakati wa kukokotoa kodi yake?

Jibu ni ndiyo, lakini si kwa kila mfanyabiashara. Sheria imeandikwa kwa Kiingereza, na wengi wa Arua na Koboko wanaofanya biashara kwa Kiswahili hawajapata kuelezwa tofauti hiyo.

Sheria inaruhusu nini?

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda ya mwaka 1997 inamruhusu mfanyabiashara kuondoa katika mapato yake gharama za utafiti wa kisayansi uliofanywa ili kuendeleza biashara yake. Utafiti huo ni shughuli za sayansi asilia au sayansi tumizi zenye lengo la kukuza maarifa. Mchango unaotolewa kwa chuo au taasisi ya utafiti nao unahesabiwa, mradi utumike katika utafiti wa kuendeleza biashara ya aliyeutoa. Kwa wakazi wa West Nile, Chuo Kikuu cha Muni na kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi, vyote vya Arua, ndivyo vilivyo karibu.

Gharama za kununua ardhi, majengo na mashine hazimo katika fungu hilo, wala za kuchunguza madini yaliyo ardhini. Mashine ina makato yake ya uchakavu, yanayotolewa mwaka hadi mwaka.

Ikumbukwe kwamba makato si fedha taslimu. Nchini Uingereza, kampuni inayofanya utafiti huweza kupata nafuu inayolipwa na serikali hata ikiwa imepata hasara. Nchini Uganda, gharama hupunguza tu faida inayotozwa kodi. Kwa kampuni inayotozwa asilimia 30, shilingi milioni 8 za utafiti hupunguza kodi kwa shilingi milioni 2.4, iwapo faida inatosha.

Kikwazo kiko wapi?

Biashara nyingi ndogo, ambazo mauzo yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 150, hutozwa kodi ya makisio. Kodi hiyo hukokotolewa kwa mauzo, wala si kwa faida. Kwa sababu hiyo hakuna gharama inayoondolewa, iwe ya utafiti au nyingine yoyote, na hasara ya mwaka huu haiwezi kupelekwa mwaka ujao.

Hata hivyo, sheria inampa mlipakodi haki ya kumwandikia Kamishna kwamba amechagua kutoka katika kodi ya makisio na kutozwa kwa utaratibu wa kawaida. Kabla ya kuandika barua hiyo, ni muhimu kupiga hesabu.

Mfano wa hesabu

Tuseme biashara ya asali ni kampuni, na mauzo yake ni shilingi milioni 140 kwa mwaka. Kwa viwango vilivyoanza Julai 1, 2020, asiyetunza kumbukumbu hulipa 900,000. Anayetunza hulipa 360,000, na juu yake asilimia 0.7 ya mauzo yanayozidi milioni 80. Kwa kampuni hii, jumla ni 780,000.

Ikichagua utaratibu wa kawaida, na faida baada ya kuondoa gharama zote, pamoja na milioni 8 za utafiti, ikawa milioni 22, kodi itakuwa milioni 6.6. Hapo makisio ni nafuu zaidi, ingawa gharama za utafiti hazikutambuliwa. Lakini faida ikiwa milioni 1 tu, kodi ni 300,000. Mpaka uko kwenye faida ya milioni 2.6: chini ya hapo, kampuni hii inanufaika kwa kutoka.

Asiye na kampuni hutumia viwango vya watu binafsi, ambapo shilingi 2,820,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kodi. Mpaka wake kwa hiyo uko juu zaidi.

Maandalizi

Kila gharama inahitaji ushahidi. Andika tatizo ulilotaka kulitatua, majaribio uliyofanya, tarehe na matokeo, hata yale yaliyoshindwa. Muuzaji anayetakiwa kutumia mfumo wa kielektroniki wa EFRIS akupe risiti ya mfumo huo. Bila hiyo, gharama hukataliwa. Malipo yanayozidi shilingi milioni 5 kwa mkupuo mmoja, yakilipwa kwa muuzaji asiye na nambari ya mlipakodi, nayo hukataliwa. Kumbukumbu zihifadhiwe kwa miaka 5.

Kwa mwaka wa mapato unaoishia Juni 30, ritani huwasilishwa kabla ya mwisho wa Desemba. Mamlaka ya Mapato, URA, ikiyakataa makato yako, unaweza kuwasilisha pingamizi ndani ya siku 45 tangu kupokea taarifa ya makadirio ya kodi.

Biashara mpya

Raia aliyeanzisha biashara baada ya Julai 1, 2025, kwa mtaji usiozidi shilingi milioni 500, anaweza kusamehewa kodi ya mapato kwa miaka 3 akitimiza masharti. Msamaha hauondoi wajibu wa kuwasilisha ritani, na daftari la majaribio linalofunguliwa leo litahitajika miaka hiyo itakapokwisha.